Video ya Mama Yako Ilikaa Kwenye Akaunti ya Ofisi

Mwanangu Kemilembe,

Sikuulizi hali, maana hali yako naisikia kutoka hapa sebuleni. Umelala, na unakoroma kama mama yako, ingawa nyote wawili mlikuwa mkiapa kwamba hamkoromi. Mambo ya safari sitayagusa. Dagaa wa shangazi yako umewafunga vizuri wasije wakanukia basi zima, mwenyeji wako wa Mtwara umeshampigia, na tiketi umeipiga picha ukaihifadhi sehemu mbili. Wewe ni mtoto wa kupanga vitu. Tabia hiyo hukuitoa kwangu.

Naandika kwa sababu ya swali lako la jioni. Ulikuwa unafuta sahani, ukaniuliza bila hata kugeuka, "Baba, ile video ya mama niiangalie leo au asubuhi?" Nikasema, "Asubuhi, mama. Leo umechoka." Ukaniamini. Ukaenda kuoga huku unaimba.

Kemi, video hiyo haipo. Haipo tangu mwaka jana. Usidhani imejificha mahali fulani na kwamba nikitafuta vizuri nitaiona. Imefutwa, na aliyesababisha ifutwe ni mimi. Nimeamua kulisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu najijua, nikiachiwa nafasi nitazunguka mbuyu mpaka kukuche.

Unajua kwa nini mama yako aliirekodi, lakini acha nilirudie, maana nimekuwa nikijikumbusha mwenyewe kila siku. Alipotoka kwao Muleba kuja Mwanza kuanza kazi ya ualimu, bibi yako alimkalisha chumbani, akampa kahawa ya kutafuna, akaongea naye. Wawili tu. Aliyoambiwa mle ndani hakuwahi kunieleza, hata tulipokuwa wachumba na mimi ni fundi wa kubembeleza. Alikuwa akisema, "Yale ni ya kwetu, Baba Kemi. Nitampa binti yangu siku anaondoka." Alipojua kwamba siku yako ya kuondoka hataiona, akaomba arekodi. Wewe akakwambia pale hospitalini, ulipotoka chuoni kuja kumwona, usikilize siku hiyo, si kabla. Na wewe ukatii. Mtoto mwingine angeshaniibia simu usiku aitafute.

Mimi nami nilitii. Sikuifungua hata kidogo, na nilijiona mtu mwaminifu kweli kweli. Ningekuwa mdokozi kidogo tu, ningegundua mapema kwamba video ile haikuwa kwangu.

Sasa turudi kwenye ile likizo yako uliponikuta na laptopu ya ule mradi wetu wa visima. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Barua pepe za ofisi, kwaya ya kanisani, ripoti za visima, picha za harusi ya binamu yako, vyote viko kwenye kivinjari kimoja, dirisha moja, tabo zimebanana. Ukasema, "Baba, hapa juu umeingia kwa akaunti ya ofisi. Kila unachohifadhi kinaenda kwao." Nikakwambia mimi ni mtu mmoja, madirisha mawili ya nini? Ng'ombe wote wangu, nijenge mazizi mawili?

Ukanijibu, "Si wote wako, Baba. Wa ofisi umepewa kuchunga tu."

Jibu hilo lilinikera kwa sababu lilikuwa sahihi, na kwa sababu lilitoka Usukumani kwangu mwenyewe. Babu yako alichunga ng'ombe wa majirani pamoja na wake, na kila mnyama alikuwa na alama sikioni, ili mwenyewe akija kuchukua wake pasiwe na maneno. Nimekua nikiziona alama hizo. Mtoto wa mfugaji nikaja kufundishwa na binti aliyelelewa mjini, Kiseke, namna ya kutenganisha ng'ombe.

Ukanitengenezea sehemu mbili. Ya kazi ukaipa rangi ya bluu, yangu ukaipa ya kijani, na katika duara lile dogo la juu pembeni ukaweka picha yangu na mama yako tuko kwenye mawe ya ziwani. Ukanionyesha namna ya kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Nikasema nimeelewa. Uliporudi chuoni, ile ya kijani ikaniomba neno la siri, nikaandika nililolikumbuka, ikakataa, nikaandika jingine, ikakataa. Nikasonya. Nikarudi kwenye ya bluu, ambayo ilikuwa haina maswali. Hivyo tu, Kemi. Hakukuwa na jambo kubwa. Uvivu wa asubuhi moja.

Ningekuwa mtu wa kujifunza, ningejifunza kwenye kile kikao cha Buhongwa. Ulinilaumu kwa kikao kile na ulikuwa na haki, ila sikukueleza kilivyokuwa. Tulikuwa na wageni. Laptopu yangu imeunganishwa na projekta, ukuta mzima unaonyesha nilichofungua. Nikataka kutafuta data za visima, nikaandika herufi mbili tu, "da", na kivinjari kikanimalizia chenyewe, kwa herufi kubwa pale ukutani: dalili za mgonjwa wa kansa anapokaribia kufa.

Mhasibu wetu, Mama Nyamizi, aliinuka akafunika laptopu kwa mkono wake, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Akasema tupumzike tunywe chai. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji, nikalia mchana kweupe.

Hivyo ndivyo watu wa ofisi yangu walivyojua kwamba mama yako anakufa. Wageni waliokuja kukagua visima walijua. Na wewe ulikuwa Dodoma kwenye mitihani, nikikupigia kila jioni kukwambia mama anaendelea vizuri. Kwenye hilo dirisha langu moja nilichanganya vyote, ila wewe ndiye niliyekutenga. Nilitenganisha visivyotakiwa kutenganishwa.

Hata baada ya hapo sikubadilika. Niliipeleka laptopu ile hospitalini. Nafungua nimwonyeshe mama yako picha zako, barua ya ofisi inaingia hapo hapo, najibu moja, inaingia nyingine. Siku moja akaniuliza, "Baba Kemi, uko na mimi au uko na visima?" Nikamwambia, "Niko na wewe," macho yakiwa kwenye kioo. Aligeukia ukutani. Mwanangu, mimi nimegombana na mama yako mara nyingi, unajua tulivyokuwa, Mhaya na Msukuma chini ya paa moja, lakini hakuna ugomvi unaoniuma kama ule mgongo alionigeuzia bila ugomvi.

Siku ya kurekodi alikuwa amesharudi nyumbani. Alivaa lile gauni lake la zambarau la Jumapili, akajipaka mafuta usoni, akaniambia nimletee kahawa ya kutafuna kwenye kisahani. Simu yake ilikuwa imejaa na kioo kimepasuka, kwa hiyo nikamwekea laptopu juu ya stuli, nikafungua kivinjari, nikambonyezea mahali pa kurekodi. Dirisha lilikuwa la bluu. Nililiona kwamba ni la bluu. Nilikuona na wewe kichwani unanikumbusha. Nikajiambia nitaihamisha baadaye.

Akaniuliza, "Ikiisha itakaa wapi?"

"Mtandaoni," nikamjibu, kwa maringo ya mtu anayejua. "Hata nyumba ikiungua, yenyewe ipo."

"Wenzako ofisini hawataiona?"

"Hawaioni. Ina jina langu."

Na kweli ilikuwa na jina langu. Jina langu, kisha alama, kisha jina la ofisi. Mimi nilisoma nusu ya kwanza.

Akasema, "Haya, toka. Na usisimame mlangoni."

Baadaye haikufika. Tulimzika, wewe ukarudi chuo kumalizia, mimi nikarudi kazini kwa sababu nyumba ilikuwa na ukimya nisiouweza. Mwaka jana mradi ukafungwa. Ofisi haikutuonea, tena walituandikia mapema: kila mmoja atoe vitu vyake binafsi, akaunti zitafungwa na kufutwa. Unajua nilijibu nini? Niliandika, "Ahsanteni, mimi sina kitu binafsi." Nilijibu hivyo, Kemi, nikabonyeza tuma. Nikaona nimekuwa mfanyakazi safi. Tukanywa soda, tukala keki, nikapewa saa ya ukutani, hii inayogonga hapa juu yangu, nikarudisha laptopu, nikaja nyumbani.

Ilipokaribia misa ya kumbukumbu ya mama yako nikasema niihakikishe, nisiifungue, nione tu kama ipo. Nikatafuta kwenye simu. Hamna. Nikaingia kule kwenye ya kijani, safari hii nikalipata neno la siri kwa mara ya kwanza, ni jina lako na mwaka wako wa kuzaliwa, ulikuwa umeniwekea rahisi makusudi. Mle ndani palikuwa peupe. Palikuwa na ile picha yetu ya mawe ya ziwani, basi.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa wale waliokuwa na mradi. Kulikuwa na binti wa kompyuta, umri wako, akanipa shikamoo na kiti. Nilipomweleza, alisimamisha kazi zake zote. Alipiga simu Dar es Salaam, akaandika, akapiga tena. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa imeshasafishwa na kupewa mtu mwingine. Mwishoni akaniambia kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, akaunti ikishafutwa kuna muda wa kuirudisha, na muda huo umepita. Hata sisi wenyewe hatuna tena njia." Alikuwa na machozi. Nikajikuta namfariji mimi. Sina wa kumlaumu pale, na nimejaribu sana kumpata.

Siku hiyo sikuja nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda Igombe nikakaa ufukweni, karibu na akina mama wanaoanika dagaa, mpaka mmoja akaniuliza kama nauza au nanunua. Nilipofika nyumbani ulikuwa umepika sato. Ukaniuliza mbona nanuka dagaa, nikasema nilimsindikiza rafiki. Tangu siku hiyo nimekudanganya kwa kunyamaza kila wiki, na wewe ukawa unasema, "Siku nikipata kazi, Baba, nitamsikia mama." Ulitafuta kazi kwa bidii namna ile, nami nilijua mwisho wa bidii yako kuna nini. Ulipopigiwa simu kwamba umepata, ukarukaruka hapa sebuleni, nilikukumbatia nikatetemeka. Ulidhani ni furaha. Ilikuwemo, mwanangu. Lakini haikuwa peke yake.

Jana ulikuja na laptopu mpya ya kampuni. Ukaifungua pale mezani, na kitu cha kwanza ulichofanya, kabla hata ya kusoma waliyokuandikia, ulifungua picha za mama. Nilipita nyuma yako na sahani yangu, nikaona lile duara la juu lina herufi ya jina lako na jina la kampuni yao. Sikusema neno. Ningesema kwa mdomo gani? Wewe ndiye uliyenifundisha rangi hizo, na nina hakika ulikuwa na haraka tu, na ungerekebisha baadaye. Lakini hiyo baadaye naifahamu vizuri kuliko wewe. Mtu anayejua akishachoka ni sawa na asiyejua, anabonyeza "ndiyo" kila kivinjari kinapouliza. Sikufundishi. Nakuonyesha tu mahali nilipoangukia, ni hapo hapo ulipo wewe.

Na watakupenda huko Mtwara, ndilo ninaloogopa zaidi. Hawatakuwa watu wabaya. Wameshakupa laptopu na barua pepe yenye jina lako, watakuita familia, na utajisikia kwamba vyote ni vyako. Mimi nilipendwa kweli pale mradini. Mama Nyamizi alikuja msibani akapika siku zote. Lakini mwenye ng'ombe alipokuja kuchukua wake, alichukua zizi zima, na hakuwa na kosa, maana mimi ndiye niliyefuta alama.

Sasa nikupe nilichonacho. Ni kidogo.

Mama yako alinikataza kusimama mlangoni, nikasimama mlangoni. Uji ulikuwa jikoni. Nilimsikia akikohoa, kisha akaanza kwa Kiswahili. Naandika kama ninavyokumbuka, na nilikumbuka kila siku ili nisipoteze na hiki:

"Kemi, mwanangu. Baba yako yuko nyuma ya mlango, nauona mguu wake pale chini. Kwa hiyo nianze kwa Kiswahili, naye apate la kusikia. Ukifika ugenini usijifanye umeshiba. Sisi tuna kiburi cha kwetu, tunakataa chakula tukiwa na njaa. Wewe kula, uombe na nyongeza. Ukiumwa, sema siku ile ile. Mimi nilinyamaza nikidhani maumivu yataona haya yaondoke yenyewe. Baba yako usimnunie. Anaweza ugomvi, kununiwa hakuwezi. Ukimkasirikia, mkasirikie mbele yake umalize. Haya, Baba Kemi, ya kwako umeyasikia. Nenda kaangalie uji."

Halafu akahamia Kihaya.

Nimeishi na Mhaya utu uzima wangu wote, na Kihaya changu ni cha kusalimia na kuombea chakula. Nilikuwa nawachekesha watu kwa kusema Wahaya wenyewe wanapenda Kiingereza, mimi nijifunze Kihaya cha nini? Mama yako alicheka pamoja nao. Lakini wewe alikufundisha, toka ukiwa mgongoni, na sasa naelewa alikuwa anakuandalia nini. Sikwenda kuangalia uji. Nilibaki pale, ukaungua, na nilimsikia akiongea nawe kwa muda mrefu. Nilisikia jina lako. Nilisikia jina la bibi yako. Nilisikia akitafuna kahawa. Mahali fulani alicheka kile kicheko chake cha puani, akaendelea kwa sauti ya chini sana, kama aliyekusogelea. Yale aliyokataa kunieleza tangu uchumba yalipita masikioni mwangu yote, na sikuelewa hata moja.

Hapa duniani kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuyaelewa yale, naye ni wewe. Nilikuwa nimewekewa niyafikishe. Sikuyafikisha.

Nilipanga kuisokomeza barua hii ndani ya begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshapita Singida, mbali na uso wangu. Nilishaikunja kabisa. Kisha nikaona huo ni ule ule mchezo wangu wa baadaye, na kwamba ungekaa kwenye kiti cha basi na jambo hili peke yako, umezungukwa na watu usiowajua, mpaka Mtwara.

Kwa hiyo naiweka hapa mezani, juu ya hiyo laptopu yako, ambapo huwezi kuondoka bila kuiona. Niko jikoni, nachemsha maji ya chai. Ukimaliza kusoma usiseme "si kitu, Baba," maana ni kitu. Usinionee huruma kwanza. Njoo unikasirikie hapa hapa, kwa sauti yako yote, majirani waamke wakitaka. Basi bado halijaondoka.

Baba yako